Shangazi Hajawahi Kutuacha Njiani

Kufikia saa tatu asubuhi vifaranga mia nane walikuwa wameshatoka kwenye mayai, lakini wa trei ya chini bado walikuwa wamelowa na kulegea, na Mama Vifaranga hakuwa mtu wa kumpakia kifaranga mbichi. Alisimama mbele ya mashine ya kutotolesha, mikono kiunoni, akiwasikiliza. Miaka sita ya kazi hii ilikuwa imemfundisha kuwajua kwa sauti. Kifaranga mwenye raha huongea chini chini, kama anajisemea mwenyewe. Mwenye baridi hupiga kelele. Mwenye joto kali hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko alikokuogopa kuliko kelele zote.

"Mama, tutachelewa," mumewe aliita kutoka nje. "Jua likishapanda, mlima ule si wa mchezo."

"Wakauke kwanza."

"Nikutafutie feni uwapepee?"

"Wewe mwamshe mwenzio huyo. Mimi niachie wangu."

Mwenzio huyo alikuwa Shangazi, na Shangazi ni gari. Ni gari la juu, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, lililokuwa limeshatumika miaka kumi na saba lilipofika mikononi mwao, na sasa lina ishirini na sita. Jina alipewa na binti yao, kwa kuwa lilikuwa na tabia zote za shangazi mkubwa wa ukoo. Hatoki nyumbani bila kubembelezwa, analalamika akipanda na akishuka, anakula sana, anatoa maoni hata asipoulizwa, lakini siku ya shughuli ndiye anayebeba mizigo ya watu wote.

Mlango wake wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu, kwa hiyo kila safari lazima mtu mmoja atambae juu ya viti akawafungulie wenziwe. Kioo cha kushoto kilishikiliwa na kabari ya mti. Gia ya kurudi nyuma haikukubali mpaka uguse gia ya kwanza, uombe radhi, ndipo urudi. Honi ililia yenyewe ukikata kona ya kushoto, na watu wa mtaani walikuwa wamezoea kuitikia salamu hiyo. Na mshale wa joto, huo ndio uliokuwa mzushi wa nyumba. Kila walipoanza kupanda mlima ulipaa mpaka kwenye alama nyekundu, ukakaa huko dakika tano, kisha ukashuka wenyewe. Mara ya kwanza walisimama roho juu, wakafungua boneti, wakakuta injini shwari. Mara ya pili vilevile. Fundi alisema kuna waya umelegea mahali, na kuutafuta ni kulivua gari zima nguo. Basi wakauzoea.

Mume wa Mama Vifaranga watu walimwita Dereva, ingawa alikuwa amestaafu udereva wa idara ya barabara siku nyingi. Pesa yake ya kustaafu ndiyo iliyokuwa imesimama pale uani juu ya magurudumu manne. Watoto walimwambia aliuze, majirani walimwambia aliuze, fundi mwenyewe, anayeishi kwa mkono wa Shangazi, alimwambia aliuze. Jibu lake lilikuwa moja. "Hajawahi kutuacha njiani. Hata siku moja." Na ilikuwa kweli. Kulala nyumbani alilala mara nyingi, tena kwa wiki nzima, lakini akishatoka, anafika.

Saa nne wakaanza kupakia. Mkwe wao, mume wa binti yao, alikuwa amekuja kupumzika wiki mbili, na kwa kuwa ni fundi wa lifti kwenye majengo marefu, mikono yake haikujua kupumzika. Tangu aje alikuwa ameshatengeneza taa ya uani, kitasa cha jikoni na redio ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Alitambaa juu ya viti, akafungua mlango wa nyuma, akapokea maboksi manane, vifaranga mia kwa kila boksi, akayapanga kwa mwachano ili hewa ipite.

"Baba," alisema alipomaliza, akijipangusa mikono. "Hujaona kitu kwenye dashibodi?"

Dereva aliinama akatazama. "Kitu gani?"

"Aa, hamna, Baba."

"Vumbi, au?"

"Hamna. Nilikuwa nauliza tu."

Mama Vifaranga alimwona mkwe wake akitabasamu peke yake. Akadhani amepangusa kioo. Hakulitilia maanani, kwa sababu akili yake yote ilikuwa ng'ambo ya mlima.

Oda hii haikuwa ya kawaida. Kwa miaka sita aliuza vifaranga kumi hapa, ishirini pale, kwa watu waliomwambia njoo kesho na kesho wakamwambia njoo keshokutwa. Sasa meneja wa shamba kubwa la kuku, mwanamke wa maneno machache, alikuwa amempigia simu. "Nikipokea mia nane wazima, kila mwezi nachukua kwako. Kumi na sita wakifa njiani nitaelewa. Wakizidi, narudi kwa wale wangu wa zamani." Dereva aliomba simu, akaongeza kwa sauti yake ya kazini, "Na usafiri usikutie wasiwasi, Bibi Meneja. Tuna gari la uhakika."

Mama Vifaranga alikuwa hajalala vizuri siku tatu kwa furaha na hofu.

*

Barabara ya mlima ilianza baada ya saa moja ya mwendo. Mkwe alikaa nyuma, amebanwa kati ya maboksi, magoti yamegusa kidevu. Mama Vifaranga alikaa mbele, shingo kageuza nusu, akisikiliza vifaranga. Walikuwa wanaongea vizuri, chini chini. Upepo ulipita kwenye kioo cha kabari. Hata yeye alianza kulegea mabega.

Kwenye kona ya pili ya kupanda aliona mshale unanyanyuka.

"Mshale umepanda," alisema.

"Si ndiyo kazi yake," alijibu Dereva. "Akiona mlima lazima aseme. Muongo huyo, mwache."

Wakaenda. Lori lililobeba magunia liliwatangulia likikohoa, nao wakalifuata kwa gia ya pili. Jua lilikuwa limesimama juu ya boneti. Mama Vifaranga alihesabu dakika tano kwa saa ya simu yake, kisha nyingine tatu. Mshale ulikuwa umelala kwenye wekundu, haujitikisi.

"Baba watoto, leo haushuki."

"Utashuka."

"Siku zote dakika tano. Hizi ni nane."

"Leo tumebeba mzigo," alisema Dereva, na akacheka kidogo ili kumtuliza. "Mama, gari hili nina miaka tisa nalo. Nalijua linapokohoa na linapopiga chafya. Wewe sikiliza kuku wako."

Alisema bila ubaya, lakini lilimchoma, hasa kwa kuwa mkwe alikuwa anasikia. Akafunga mdomo, akageuza uso dirishani.

Nyuma, mkwe alikohoa. "Baba, au tusimame kidogo tuangalie?"

"Tusimame mlimani na vifaranga? Jua hili? Hapana, mwanangu. Tukifika kileleni anapoa mwenyewe."

"Sawa, Baba," alisema mkwe, na sauti yake ilipotelea kati ya maboksi.

Dakika chache baadaye Mama Vifaranga alisikia harufu, tamu kidogo, kama kitu kinachoungua kwenye sufuria iliyosahaulika. "Simama," alisema. Hii ilikuwa mara ya tatu. Dereva alifungua mdomo ajibu, lakini Shangazi alimjibia. Aligonga mara mbili ndani kwa ndani, akaishiwa nguvu, na mvuke mweupe ukatoka pande zote za boneti mpaka barabara ikapotea. Dereva aliweza tu kumkokota pembeni kabla hajazima.

Kimya kikaingia ndani ya gari. Mama Vifaranga peke yake ndiye aliyejua kwamba kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko mvuke. Vifaranga walikuwa wanaanza kunyamaza.

*

"Teremsha maboksi!" alisema. "Yote! Sasa hivi!"

Hapo pembeni palikuwa na kalvati, bomba kubwa la zege lililopita chini ya barabara kwa ajili ya maji ya mvua. Msimu huu lilikuwa kavu, na upepo ulipita ndani yake kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Mama Vifaranga alishuka ukingoni kwa makalio bila kujali nguo, akaingiza kichwa, akahisi ubaridi usoni. Mkwe alifungua mlango kwa ndani na kuanza kushusha. Wakayapanga maboksi manane kwenye kivuli cha zege, mifuniko wazi. Ndani vifaranga walikuwa wamefumbua midomo, mabawa wameyaacha mbali na mwili, wanahema. Katika boksi la nne watatu walikuwa wameshalala ubavu.

"Maji," alisema. "Lete dumu."

Walikuwa na dumu moja la lita kumi, lililosafiri chini ya kiti cha mbele tangu siku ya kwanza ya Shangazi. Alipanda ukingoni kulichukua, akamkuta Dereva amelishika.

Alikuwa amefungua boneti kwa kitambaa na kusimama mbali kidogo, uso umejaa jasho na mvuke. "Ni mpira wa maji tu," alisema kwa haraka. "Umechanika hapa, naona. Naufunga kwa ukanda wa mpira, natia maji, dakika kumi na tano tunaondoka. Nusu saa tupo kwa Bibi Meneja."

"Nataka maji hayo, wanakufa."

"Nikikupa maji tunabaki hapa! Mama, nisikilize. Mpira umepasuka sasa hivi. Injini ni nzima. Tukimtilia maji anawaka."

"Na kama hawaki?"

"Anawaka! Lini aliwahi kutuacha?"

Walisimama pale, kila mmoja mkono mmoja juu ya dumu, kama watoto wanaogombania mpira. Mama Vifaranga hakuyajua magari. Kama mumewe alikuwa sahihi, maji yale ndani ya injini yangewaokoa vifaranga wote mia nane. Kama alikuwa amekosea, lita kumi zingemwagika juu ya chuma, na yeye angebaki anawaangalia wakimalizika. Alimtazama usoni akaona kwamba hasemi uongo. Aliamini kila neno.

"Baba," mkwe alisema nyuma yao.

Hawakugeuka.

"Baba, maji hayatasaidia. Mpe Mama."

Hapo Dereva aligeuka. Mkwe alikuwa amesimama na kifuniko cha boksi mkononi, macho ardhini, masikio yamemwiva. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, anayeshuka kwenye mashimo ya lifti ghorofa ishirini, alikuwa anamwogopa baba mkwe wake.

"Mpira haukupasuka sasa hivi. Ulipasuka kule chini, kona ya pili. Mshale ulikuwa unasema kweli."

"Mshale ule ni muongo, mwanangu, hata Mama anajua."

"Ulikuwa muongo. Niliutengeneza Jumanne, ulipokwenda kunyoa. Nilibadilisha sensa, kile kidude cha kupima joto, na waya wake. Nilitaka uuone mwenyewe ufurahi. Mama aliposema umepanda, nikajiambia labda sikukaza vizuri, labda bado unadanganya. Halafu nikaona nitakwambiaje kwamba nimegusa gari lako bila kukuuliza. Nikanyamaza. Tumepanda nayo ikichemka zaidi ya robo saa, Baba. Hiyo injini imekwisha."

Lori jingine lilipita likawapigia honi. Dereva alitazama boneti, akamtazama mkwe, akatazama boneti tena. Midomo yake ilitembea bila sauti, kama anahesabu kona. Kisha vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja, na dumu likabaki mkononi mwa mkewe.

Alivua shati, akabaki na fulana yenye tundu begani, akamfuata mkewe kalvatini.

*

Walilowesha shati lake, shuka la kiti na mtandio wa Mama Vifaranga, wakavitundika kwenye mdomo wa kalvati ili upepo upite katikati ya unyevu. Dereva alishika pembe moja, mkwe akashika nyingine. Mama Vifaranga alipita boksi hadi boksi akichovya kidole na kumgusishia kila kifaranga mdomo, akianza na waliolegea zaidi. Mgongo ulimuuma. Polepole, kwanza kwenye boksi la pili, kisha la saba, akasikia wanaanza kuongea.

Ndipo akapiga simu. Mtandao ulikuwa hafifu, ikabidi aweke sauti kubwa, na wote watatu wakasikia.

"Bibi Meneja, tupo njiani. Kwenye kalvati, karibu na kilele."

"Mnafanya nini kwenye kalvati?"

"Gari limechemsha."

"Si mliniambia mna gari la uhakika?"

Dereva aliinamisha kichwa. Mama Vifaranga alimwona alivyosimama na fulana yake yenye tundu, ameshika pembe ya shati lililolowa kama mtu anayeanika nguo za watu, na moyo ukamuuma kwa ajili yake, pamoja na hasira yote aliyokuwa nayo.

"Ni la uhakika," alisema. "Leo limeugua."

"Nakuja," alisema Meneja, akakata.

Alifika baada ya dakika arobaini na gari dogo la mizigo lenye turubai, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na kalamu nyuma ya sikio. Hakusalimia sana. Alishuka kalvatini mwenyewe, akachuchumaa, akahesabu waliokufa kwa kuwapanga juu ya kifuniko cha boksi. Mama Vifaranga alihesabu naye moyoni. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Mkono wa Meneja uliingia boksini tena.

"Kumi na tisa," alisema Meneja.

"Kumi na tisa," alikubali Mama Vifaranga. Alikuwa ameshajiandaa kurudi kwenye njoo kesho.

Meneja alibaki amechuchumaa. Alitazama shati lililotundikwa, mtandio, shuka, kichwa cha mwanamke mwenzake kilichobaki wazi. Akamnyanyua kifaranga mmoja, akamsikiliza sikioni.

"Wengine gari likiwaharibikia huniletea maiti na maelezo," alisema. "Jua hili lingewamaliza mia nne. Nalipa wazima mia saba na themanini na mmoja. Mwezi ujao uniwekee mia nane wengine." Aliinuka akakung'uta magoti. "Ila mwezi ujao nitatuma gari langu kuwachukua. Usafiri msijisumbue tena."

"Ahsante, Bibi Meneja," Dereva aliwahi kusema. Kisha akabeba boksi la kwanza, akalipakia yeye mwenyewe kwenye gari la watu, akalipanga kwa mwachano, akarudi kuchukua la pili.

*

Gari la Meneja lilipoishia kwenye kona, mkwe alisema atapanda mpaka kileleni kutafuta mtu wa kuwavuta. Aliondoka upesi, karibu kukimbia. Mama Vifaranga alikaa kwenye ukingo wa kalvati, pesa kaifunga kwenye ncha ya mtandio uliolowa. Oda ya kila mwezi ilikuwa yake. Alitaka kufurahi na hakujua aanzie wapi, maana alikuwa amedharauliwa, amelowa, na mumewe amefukuzwa kazi aliyokuwa akiipenda, na yote hayo kabla ya chakula cha mchana.

Dereva alisimama mbele ya gari. Boneti ilikuwa bado wazi. Aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa kwa moto, akakirudisha.

"Umesikia mambo?" alimwambia mkewe bila kugeuka, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kama nafuu. "Hakutuacha. Alisema. Tangu kona ya pili anasema, mimi namwita muongo." Aliinamia injini, akashusha sauti. "Nisamehe, Shangazi. Ulisema kweli, sikukusikiliza."

Mama Vifaranga aliusikia mvuke wa mwisho ukitoka taratibu mahali fulani ndani ya chuma. Akangoja. Dereva aliendelea kupapasa boneti.

"Na mimi nilisema," alisema mkewe.

Mkono wa Dereva ulisimama.

"Mara tatu nilisema. Mimi sensa yangu haijawahi kuharibika, baba watoto. Miaka thelathini na moja nipo hapo pembeni yako nasema, na neno hilo unalompa chuma, mimi sijawahi kulisikia."

Dereva aligeuka. Alikuwa na alama nyeusi ya oili kwenye shavu, na fulana imemganda mwilini. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeambiwa jina lake kwa mara ya kwanza. Mama Vifaranga alidhani atatania, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akitoka kwenye kila shimo, na alijua akitania leo hatamsamehe kwa siku nyingi.

Hakutania. Aliacha boneti, akashuka, akaja akakaa ukingoni kando yake, karibu mpaka mabega yakagusana.

"Ulisema," alisema. "Tena nilikujibu vibaya mbele ya mtoto." Alitazama mikono yake. "Nisamehe, mama."

Mama Vifaranga macho yalimjaa maji bila kutegemea, na alikasirika kwamba yamejaa. Akampangusa ile oili shavuni kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, naye Dereva akatulia apanguswe.

Mkwe alitokea kwenye kona akiwa na mtu mwenye trekta. Alipowaona wamekaa vile, alimzuia mwenye trekta kwa mkono, akageukia upande wa bonde, akasimama huko anaangalia mawe kwa bidii kubwa. Dakika zikapita. Trekta likanguruma mahali pamoja.

"Wewe!" Mama Vifaranga aliita. "Njoo huku! Usijisimamishe huko kwa heshima. Heshima yako imeshatuulia injini moja!"

Dereva alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyechoka sana, kisha akainuka kumwonyesha mwenye trekta mahali pa kufunga kamba.